Kapu Alilotwaa Mtani Kule Ushongo

Tuliokwenda ni hawa, nawataja mapema ili mbele ya safari mtu asiniulize fulani nani. Mimi mwenyewe, Mwanaidi binti Sefu wa Nguvumali. Mdogo wangu Zaina, tumefuatana ziwa. Tatu binti Hoza, mtoto wa shangazi yetu Mwanahawa, Mungu amrehemu. Shangazi huyo ndiye aliyetulea mimi na Zaina mama yetu alipofariki, tukala naye sahani moja na Tatu. Kwa hiyo Tatu ni ndugu, lakini mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani, na utani wake haujapumzika tangu tukiwa na meno ya utoto. Wa nne ni Bi Shirin, jirani yangu mwenye duka la vitambaa, wazee wake walitoka Bara Hindi lakini yeye ni wa Tanga kunishinda mimi. Halafu mjukuu wangu Kulthumu, mtoto wa binti yangu Asha, ndiye aliyelileta hili neno la kwenda kulala kwenye mahema pwani. Na Juma Mbwana, mwenye Noah, alituendesha.

Nyie wenzangu wa darasa la Alhamisi mliobaki nyumbani mmeniuliza mpaka mmechoka: mbona mmerudi mapema, na lile gari limezibwa dirisha kwa khanga kwa nini? Kila mtu kasikia lake. Zaina kanipa ruhusa niseme, tena kasema nisipunguze.

Nguvumali hadi Kigombe

Tulichelewa kuondoka kwa sababu ya Bi Shirin. Alikuja na jiko la gesi, mito, feni ya betri, na debe la vitafunio. Kulthumu akamwambia hema si nyumba, Bi Shirin akajibu kuwa yeye hajazoea kulala kama mzigo bandarini. Juma akapakia, akapakua, akapakia tena.

Mimi akili yangu haikuwa hapo. Jana yake alikuja Rashidi, mtoto wa Zaina, akakaa kwenye mkeka wangu, akasema, "Mama mkubwa, mimi sikutaka aende. Kama anakwenda, namkabidhi kwako."

Sasa hapa ndipo penye siri. Zaina ana sukari, ile ya kujidunga sindano asubuhi na jioni. Nyie hamkujua, na Tatu hakujua, wala Shirin, wala Kulthumu. Tuliojua ni mimi na Rashidi. Zaina alinishika mkono akaniapisha nisimwambie mtu. Alisema, "Dada, wakijua tu, basi. Kila harusi nitawekewa kisahani changu pembeni. Watu watanisemesha kwa sauti ya hospitali." Nikamwapia, nami nikiapa mnanijua.

Nesi alikuwa ametufundisha sote wawili. Sukari ikipanda ni mbaya, lakini ya kuogopa zaidi ni ikishuka. Akishajidunga lazima ale, asikawie. Asipokula ataanza kutoka jasho, atatetemeka, atasema ovyo, halafu atazima. Dawa yake ni kitu kitamu, haraka, angali anaweza kumeza. Kwa hiyo nilitia peremende kwenye mkoba wangu, na sukari ya chai niliifunga mwenyewe kwenye kapu.

Tulisimama Kigombe kunyoosha miguu. Bi Shirin akafungua halua. Zaina akachukua pande, akachukua la pili, mkono ukaenda la tatu. Mimi nikaisogeza sahani upande wangu kama vile naitaka mwenyewe.

Tatu akaniona. Tatu huona kila kitu isipokuwa kile kinachotakiwa kuonwa. Akasema, "Hee, Mwanaidi. Halua ya Shirin, mdomo wa Zaina, wewe roho inakuuma nini?" Wote wakacheka. Nikacheka nao.

Pantoni la Pangani

Pangani tulikuta foleni. Pantoni la kuvukia mto lilikuwa ng'ambo, upande wa Bweni, na halikuwa na dalili ya kurudi. Mmoja akasema injini, mwingine akasema linangoja gari la mkubwa fulani. Jua likatusimamia utosini. Chakula cha mchana tulipanga kula Mwera, na Mwera iko ng'ambo.

Nikamtazama Zaina. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha lori, kimya, na vidole vyake vinacheza juu ya goti bila yeye kuvituma. Nikamtilia peremende mkononi, moja, nyingine, nyingine tena, mpaka mkoba ukabaki na karatasi. Vidole vikatulia. Palikuwa na mwanamke anauza mihogo ya kukaanga, Mama Fadhila, mtu wa Bweni, nikanunua ya sisi sote, na Zaina nikampa wa kwanza.

Basi na hilo nalo likawa maneno. Tatu alikuwa ameziona zile peremende. Akamwambia Shirin, mimi nasikia, kuwa Mwanaidi huyu kaficha peremende tangu Tanga, anamlisha mdogo wake kwa siri ili sisi tusipewe. Asubuhi anamnyima, mchana anamlisha kwa siri, huu ni uchoyo wa aina gani? Shirin akasema uzee. Nikageuza uso nikatazama mto.

Mwera

Mwera tulikula wali na samaki wa kupaka kwa mama mmoja anaitwa Mwanakombo, shemeji yake Juma. Mama mkarimu mno, na ukarimu wake ulinitesa. Kila Zaina akimaliza anamwongezea wali, na Zaina hakatai, kwa sababu kukataa wali wa mtu ni kumtukana. Nikasema, "Mwanakombo, huyu tumbo lake dogo." Mwanakombo akasikitika, akadhani wali wake haukupendeza, akaniuliza kama nazi imezidi. Ikabidi nile mimi ule wa Zaina kumtuliza. Nilitoka pale natembea kama mjamzito, na Tatu nyuma yangu anaimba kuwa mchoyo kala sahani mbili.

Njia ya kutoka hapo kwenda Ushongo ni ya vumbi, inapita kwenye mashamba ya mkonge. Gari lilikuwa linaruka. Zaina alilala begani kwangu na kila mara nilimshika paji la uso kuona kama ni kavu.

Ushongo

Pwani yenyewe sitawadanganya, nzuri. Mchanga mweupe umepigwa pasi, mivinje inavuma, na maji yametulia mpaka unaona chembe za mchanga chini. Tulipewa uwanja na mwenyeji anaitwa Bwana Kombo, mbali kidogo na kijiji. Alituonyesha kisima na choo, akaaga, kesho yake ana safari ya Pangani.

Kulthumu na Juma walipigilia mahema. Bi Shirin alishika nyundo akapiga kigingi kimoja kikapinda, akanyang'anywa. Zaina alifurahi siku ile kuliko nilivyomwona miaka mingi. Alipandisha gauni akatembea kwenye maji mpaka kule kwenye mawe na kurudi, na akaenda tena. Mimi nilikuwa nahesabu, kutembea kote kule kunakula sukari, lakini ungemwita arudi kwa kisingizio gani?

Jioni alijidunga nyuma ya hema, mimi nimesimama nimetandaza khanga kama naikausha. Kwenye chakula Tatu akamjazia Zaina ugali kilima. Zaina akanitazama. Mimi nikamega nusu nikaurudisha. Zaina naye, kwa aibu ya macho ya watu, hata ile nusu hakuimaliza. Tatu akaweka mkono kiunoni akatangaza mbele ya wote kuwa amevumilia toka Kigombe, na sasa kesho atamkomoa huyu mchoyo mpaka ajikomboe kwa mtani wake.

Mnajua utani ulivyo. Mtani akitangaza hivyo huwezi kumkasirikia. Anaweza kuchukua kitu chako mchana kweupe, na wewe huna polisi wala hakimu, unajikomboa kwa chochote atakachotaka, hata umwimbie. Nilidhani ataficha viatu vyangu.

Asubuhi ya kapu

Asubuhi Kulthumu alitandika mkeka chini ya mvinje. Niliona kapu la chakula limewekwa: maandazi, sufuria ya mbaazi za nazi, chupa ya chai, kopo la sukari. Zaina naye aliliona. Akaenda nyuma ya hema. Mimi nikaenda kisimani kutia maji kwenye jagi, kidogo tu. Niliporudi Zaina ameshatoka, amekaa mkekani, akanipa ishara ya jicho kuwa tayari, ameshamaliza.

Mkeka ulikuwa mtupu.

Nikauliza kapu liko wapi. Kulthumu akaziba mdomo kwa mkono, Shirin akatazama baharini mabega yanacheka. Kulthumu akasema, "Bibi, Bi Tatu kalifungia kwenye gari. Kasema mchoyo ajikomboe. Yeye na Juma wamekwenda kijijini kutazama samaki, na ufunguo anao Juma."

Nikageuka. Kweli, mbali kabisa ufukweni, watu wawili wadogo kama sindano mbili, wanatuacha. Nikaita, upepo ukanirudishia sauti yangu. Nikamwambia Kulthumu apige simu. Simu ya Tatu ikalia ndani ya hema lake. Ya Juma haikupatikana.

Zaina akanishika kifundo cha mkono, akanivuta chini. Alikuwa anacheka bado. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Usiseme. Watarudi sasa hivi." Nikamwambia, Zaina, umeshajidunga. Akanibana kwa kucha. "Umeniapia."

Nikakaa. Nawaambia kweli, kukaa kule sijapata kukaa tena. Mdomo wangu una maneno na nimeubana. Nikamwuliza Shirin kama debe lake la vitafunio lina kitu, akasema nalo limo garini, Tatu hakuacha hata makombo. Nikasimama nikaenda kwenye gari. Milango imefungwa yote. Kwenye kioo cha nyuma naliona kapu langu, na kopo la sukari lenye mfuniko mwekundu, karibu hivi, ningeweza kulibusu.

Niliporudi, Zaina alikuwa ameanza kumtukana Tatu. Tatu hayupo lakini anatukanwa. Kasema Tatu ana miguu ya kuku wa kizungu. Kasema alipozaliwa mkunga alikimbia. Shirin alikuwa amejishika mbavu, na Kulthumu kanyanyua simu anarekodi, anasema, "Endelea, Bibi mdogo, atasikia zote." Utani mzuri kabisa. Hata mimi moyo ulinitua kidogo, nikasema mtu anayetukana vizuri hivi ni mzima.

Ndipo Zaina akasema, "Na mama yake mwizi. Mwanahawa mwizi, kala mali ya yatima."

Wale wawili wakaendelea kucheka. Kulthumu hakumjua Mwanahawa, wala Shirin. Mimi damu ilinisimama. Mtani unamtukana yeye, na wengine hata mama yake, ni ruhusa. Lakini Mwanahawa kwetu si mama wa mtani, ni shangazi aliyetuogesha na kutulisha. Katika utani wetu wote na Tatu, toka utoto, jina lile halijapata kuguswa na mtu. Zaina mwenye akili zake angejikata ulimi kwanza.

Nikamtazama usoni. Amekaa kivulini, upepo unavuma, na jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Nikamwita. Akaniangalia kama mtu anayetazama ukuta.

"Wewe nani?" akasema.

Nikavunja kiapo changu palepale. Nikasema kwa nguvu, "Zaina ana sukari, amejidunga na hajala, atatufia hapa." Kulthumu simu ikamwanguka. Lakini Bi Shirin hakuuliza hata neno moja. Kumbe marehemu mumewe alikuwa na ugonjwa huohuo. Alimkamata Zaina mabega akamwegemeza kifuani kwake, Zaina anampiga makofi, yeye anapokea tu, anamwambia Kulthumu, "Mbio, hoteli ile ya kule, waombe soda, asali, chochote kitamu." Kulthumu akaitupa ndala akakimbia. Hoteli yenyewe unaiona paa tu.

Mimi nikachukua ile nyundo ya vigingi nikaenda kwenye gari.

Pigo la kwanza nyundo iliteleza. Nilipiga kama mtu anayebisha hodi, maana gari la watu. La pili nilisema bismillahi, nikapiga kama navunja nazi. Kioo kikamwagika chote ndani, juu ya kapu. Nikaingiza mkono, nikalichukua lile kopo tu. Hapa mkononi mnapoona kovu ndipo hapo, lakini wakati ule sikusikia kitu.

Nilitia sukari kwenye jagi la maji ya kisima, nikakoroga kwa vidole. Zaina alikuwa anaanza kulegea, kichwa kinakwenda upande. Shirin akasema, "Kidogokidogo, Mwanaidi, ameze kwanza." Funda la kwanza alilitema, likanijaa usoni. La pili lilitoka pembeni ya mdomo. Nikamwambia, Zaina, kunywa, shangazi anakuita kunywa. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Koo likapanda likashuka. Akameza. Akameza tena.

Tukakaa hivyo, Shirin kamkumbatia, mimi na jagi. Shirin anasoma kimoyomoyo, midomo inacheza. Jasho likaanza kukauka. Macho yakatafuta, yakanipata.

"Dada," akasema, "mbona mmenilowesha?"

Nikamfuta uso kwa khanga yangu.

Kulthumu alirudi na soda na mpishi mmoja wa hoteli nyuma yake, mtu mwema, anaitwa Salimu, kambeba Zaina mpaka ndani ya kivuli cha hema. Tukataka kumpa maandazi, tukayapukuta moja moja kwa hofu ya vioo, na mwisho Shirin akayatupa yote, Salimu akatuletea mkate.

Tatu anarudi

Walikuja wanacheka. Tatu kashika samaki wawili aina ya changu, wamefungwa kwa ukili, anatuonyesha toka mbali. Juma alikuwa wa kwanza kuliona gari. Akasimama. Akasema, "Bibi, hata ufunguo hukuungoja?" Akadhani nimekasirikia chai.

Nikamwambia Tatu, si kwa ukali, sikuwa na nguvu ya ukali. "Tatu, Zaina anajidunga sindano ya sukari. Alikuwa ameshajidunga ulipochukua chakula."

Tatu alikaa chini kwenye mchanga na samaki wake mapajani. Hakulia. Aliuliza tu, "Toka lini?" Nikamwambia. Akasema, "Na ile halua. Na ule ugali." Nikasema ndiyo. Akawaweka kando wale samaki, akasema, "Nami nikakuita mchoyo njia nzima." Nikamwambia ulikuwa hujui. Akasema, "Mmenificha mimi. Mtoto wa Mwanahawa."

Hilo lilinikata kuliko kioo.

Siku ile iliyobaki ilikuwa nzito. Zaina alinikasirikia kwa kuvunja kiapo, akageuza mgongo. Na kile alichokiogopa kikaja kama alivyokisema. Tatu alimpikia uji, akaupoza, akamshikia bakuli. Alimpepea. Alimwita Bi Zaina, yeye ambaye maisha yake yote amemwita Kijiti. Zaina akiinuka, Tatu anainuka. Zaina akikohoa, Tatu anauliza tukuletee nini. Kwa ile sauti ya hospitali. Jioni Zaina alisema anataka kurudi Tanga, na Kulthumu hakubisha.

Pantoni tena, na nyumbani

Kesho yake tulipita Mwera bila kusimama, dirisha limezibwa kwa khanga ya Shirin, linapiga kofi kwa upepo. Bweni tulipanda pantoni bila kungoja. Tukashuka garini, tukasimama ukingoni mwa pantoni.

Tatu alikuwa amevua makubazi yake, mazuri, mapya, ya ngozi, kapumzisha miguu. Akamwambia Zaina, "Kaa kivulini, dada, usije ukachoka."

Zaina hakukaa. Aliinama, polepole, akayachukua yale makubazi yote mawili, akayaning'iniza nje ya chuma cha ukingo, juu ya maji.

"Nikomboe," akasema.

Tatu akamtazama. Akasema kwa upole, "Yachukue tu, Bi Zaina. Hayana neno."

Zaina akaachia moja. Likazama.

Nilimwona Tatu kifua kinapanda. Akalitazama lile duara la maji linavyopanuka, akamtazama Zaina, na Zaina kasimama kidevu juu, kubazi la pili limening'inia kwenye kidole kimoja, lakini macho yake yalikuwa yanamwomba, mimi niliyaona.

Tatu akasema, "Kijiti. Mwanaharamu wewe. Sukari imekushuka tena, au ndiyo akili yako siku zote?"

Zaina alicheka mpaka akashika chuma. Akamrudishia lile moja lililobaki, kubazi moja la kazi gani, na Tatu akampiga nalo begani. Akashuka Pangani peku, anarukaruka kwenye lami ya moto, anamtukana mdogo wangu mbele ya watu wa watu. Alimtukana mpaka Kigombe. Kigombe Shirin alifungua halua tena, Tatu akampokonya Zaina pande lake mkononi, akamega nusu yake, akamwachia nusu, akala ile aliyoimega. Mimi sikugusa sahani.

Rashidi alitukuta mlangoni. Nilikuwa nimejitayarisha kumwambia, lakini Zaina alinitangulia, akamweleza yote mwenyewe, na la kiapo alisema alinilazimisha. Tangu hapo Tatu ana peremende mkobani kila aendako. Mkimwomba hawapi, anasema ni za Kijiti. Kwa hiyo sasa mchoyo ni yeye.

Ndivyo ninavyokumbuka. Majina nina hakika nayo, ila yule mpishi, Salimu, Shirin anashikilia kuwa alikuwa Selemani, na kama ni hivyo nimemdhulumu mtu aliyetufaa. Zaina hakumbuki maneno aliyosema juu ya shangazi na mimi sijamkumbusha, Kulthumu aliyafuta kwenye simu. Tatu atayasoma hapa kwa mara ya kwanza. Tatu, kama nimekosea nilivyoyasikia, njoo unisahihishe. Hata kama sijakosea, njoo.